Magurudumu Arobaini na Nane

Mimi ni mwoga. Wacha nianze na hilo, mtu asije akasoma mpaka katikati akidhani anasimuliwa na shujaa. Naogopa ngazi, naogopa mbwa wa matajiri wa Milimani, naogopa simu ikilia kabla ya saa moja asubuhi. Nimefanya kazi ya stoo hapa Nakuru miaka thelathini na moja, na uoga ndio ulionifanya karani mzuri, kwa sababu mtu mwoga huhesabu mara mbili. Lakini kuna siku uoga huo huo ulinifanya nisihesabu hata mara moja, nikamtoa mtu nyumbani kwake siku ambayo hakufaa kabisa kutoka. Nyinyi mnaoanza kazi sasa, na hizo simu zenu zinazojua kila kitu, ni nyinyi nataka mnisikilize. Na mtu asinikatize, nitasahau nilipofika.

Karakana yetu ilikuwa ya Kalasinga mmoja, Harjit, aliyeirithi kwa babake. Tulitengeneza vitu vya shamba: wilbaro, mikokoteni ya kubebea maji, mashine za kukatia ng'ombe nyasi. Wateja wetu wengi walikuwa wakulima wa viazi na maziwa wa huko Dundori, watu wanaogonga chuma kwa kidole kabla ya kukubali bei. Sasa shikeni jambo moja. Wilbaro na mkokoteni wa maji vilitumia gurudumu la aina moja. Wilbaro moja, gurudumu moja. Mkokoteni mmoja, magurudumu mawili. Rafu ilikuwa moja, na magurudumu yote yalilala hapo pamoja. Mkishaelewa hilo, mengine yote mtayaelewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Barasa, mtu wa magharibi ambaye babake alikuja Nakuru na kazi ya reli. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu, na hakupenda neno "ziko". Si mnajua vile sisi huongea. Mtu anauliza, "Bolti ziko?" Unajibu, "Ziko." Basi, maneno yameisha. Wiki yangu ya kwanza mteja aliuliza kama beringi ziko, nikachungulia kwa rafu nikamwambia ziko, tele. Akaenda akaleta gari la kubebea. Kumbe zile beringi zote zilikuwa zimeahidiwa kazi nyingine.

Barasa hakunipigia kelele. Alinipa beringi moja, akaniambia niishike mkononi mpaka saa ya chakula, na kila atakayepita aniulize, "Hiyo ni ya nani?" Nami nijibu. Watu walipita makusudi. Mafundi wa kupaka rangi walikuja mara tatu tatu, wanauliza huku wamejishika mbavu. Kufika saa saba nilikuwa nimejibu "ya mashine ya nyasi ya mteja wa Dundori" hadi ulimi umechoka.

"Sasa umejua," Barasa akasema. "Kitu kuwa hapa si kitu. Swali ni, iko ya nani?"

Njia yake ya kujibu swali hilo ilikuwa vitambaa. Alikuwa na gunia la vipande alivyopewa na mafundi wa cherehani. Kazi ikishaahidiwa, anaingia stoo anafunga kitambaa kwa kila kitu cha kazi hiyo: rangi ya machungwa kwa mikokoteni, buluu kwa wilbaro. Gurudumu lisilo na kitambaa ni huru. Ukitaka kujua unaweza kuunda wilbaro ngapi zaidi, unahesabu yasiyo na kitambaa. Mtoto wa nasari angeweza kufanya hiyo kazi.

Katikati ya mwaka wa 2007 kompyuta ikaja. Harjit alinunua programu ya stoo, na kijana wa Nairobi mwenye viatu vilivyochongoka mbele akaja kutufunza siku tatu. Nataka kusema ukweli, niliipenda ile mashine. Unaiambia mara moja tu kwamba wilbaro inahitaji gurudumu moja, ekseli moja, beseni moja, bolti nane na rangi kiasi fulani. Halafu yenyewe inaangalia kila kitu kilicho stoo, inagawanya, inachukua kile kilicho kidogo zaidi, inakuandikia kwa safu iitwayo "Can Build", yaani kwa hivi vitu ulivyo navyo unaweza kuunda ngapi. Ukiwa na mabeseni mia mbili na ekseli tano, wilbaro ni tano. Hesabu ambayo Barasa alifanya kwa penseli asubuhi nzima, mashine ilimaliza kabla sijakaa vizuri kwa kiti.

Siku ya kwanza ilituambia tunaweza kuunda wilbaro kumi na mbili na nusu. Ilikuwa imegawanya rangi ya mkebe. Barasa akavua miwani, akauliza, "Hiyo nusu, ni ya mbele ama ya nyuma?" Yule kijana hakucheka. Alisema, "Mzee, kompyuta haisahau."

"Sijauliza kama inasahau," Barasa akamjibu. "Nauliza, ikisema ziko, inajua ni za nani?"

Yule kijana alisema kuna mahali pa kuandika hayo, sehemu nyingine ya programu ambayo Harjit hakuwa ameinunua. Tungeinunua mwaka ujao. Barasa akasema sawa, basi mpaka mwaka ujao tutatumia vyote viwili, kompyuta na vitambaa.

Tungefanya hivyo. Lakini mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na mliokuwa wadogo wakati huo waulizeni wazazi wenu: rangi hazikuwa tena rangi. Machungwa ilikuwa chama. Buluu ilikuwa chama. Asubuhi moja tukakuta mtu amefungua vitambaa vyote vya buluu akafunga vya machungwa hata kwa kopo la grisi. Kesho yake mwingine akafanya kinyume. Siku ya tatu mafundi wawili waliokula sahani moja miaka kumi walikuwa uwanjani kila mmoja na bomba la chuma mkononi, na mimi nimejificha nyuma ya mlango wa ofisi, nimeushika kwa ndani. Harjit alitoka mwenyewe akasimama katikati yao.

"Barasa, toa kitambaa yote," akasema. "Hakuna rangi hapa ndani. Tutafuata computer."

Barasa alivitoa kimoja kimoja, akavirudisha guniani. Mtauliza kwa nini hatukutumia vitambaa vyeupe. Hata mimi nimejiuliza hivyo miaka yote. Siku hizo hakuna mtu alikuwa anafikiri sawasawa. Mwezi wa kumi na mbili Barasa akaenda kwao kwa Krismasi, na vile barabara zilifungwa baada ya kura, hakurudi. Stoo ikabaki yangu.

Sitawaambia habari za Januari ile kwa urefu. Wanaojua wanajua, na wasiojua nisiwatie hofu ambayo si yao. Nilikuwa naishi mtaa wa Section 58. Kila asubuhi majirani wanne tulitembea pamoja kwenda kazini, na tukiona kundi la watu mbele tunageuza njia. Jina langu ni Nyambura. Siku hizo jina peke yake, kwa vile lilitaja kabila lako, lilitosha kukuua, ilitegemea umesimama mtaa gani.

Karakana ilifanya kazi nusu nusu. Kanisa moja lilikuwa limeagiza mikokoteni ishirini na minne ya maji, kwa sababu watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamerundikana kambini na maji yako mbali. Mafundi wanne waliokaa karibu na karakana ndio walioishughulikia. Wengine wote Harjit aliwaambia wakae nyumbani kwanza. Akaniachia mimi kazi ya kuwaita, na akaweka sheria moja, nayo ilikuwa sheria nzuri. Alisema mtu asiitwe kama hakuna kitu cha kuunda. Mtu asihatarishe roho yake kuja kukaa bure.

Kwa hivyo mnaona. Ile namba kwa skrini haikuwa tena namba ya wilbaro. Ilikuwa ni nani atoke nyumbani na nani abaki.

Siku moja alasiri Harjit akapiga simu kutoka kwake Milimani. Kulikuwa na mteja wa Dundori anayetaka wilbaro arobaini haraka, viazi vilikuwa vinaoza shambani kwa kukosa vibarua.

"Nyambura, tunaweza?"

Nikafungua kompyuta. Mikokoteni, Can Build, ishirini na nne. Wilbaro, Can Build, arobaini na nane. Nikafurahi. Nikadhani mashine imeshatenga ya kanisa na hizi arobaini na nane ndizo zilizobaki. Kumbe ilikuwa inaniambia kitu kingine. Ilikuwa na magurudumu arobaini na nane tu, jumla. Inasema, ukitaka mikokoteni, ishirini na nne. Ama ukitaka wilbaro, arobaini na nane. Ama. Mimi nilisoma "na". Na magurudumu hayo haikuwa imeyaondoa hesabuni, kwa sababu ilikuwa inaondoa kitu siku mkokoteni umekamilika na kuandikwa, na ile ya kanisa ilikuwa bado fremu tupu.

"Una hakika?" Harjit akauliza. "Umeenda kuona? Mimi sitaki mtu atoke kwake bure."

Stoo ilikuwa upande wa pili wa uwanja, hatua kama themanini, ikipakana na ua wa mabati wa barabarani. Nje ya ua kulikuwa na vijana, siwaoni, nawasikia. Walikuwa wakipiga filimbi na kugonga mabati kwa kitu kizito. Nilisimama. Nikafika mlangoni nikashika kitasa. Mabati yakagongwa tena nikarudi nikakaa.

"Nimeona," nikamwambia Harjit. "Ziko."

Halafu nikamwandikia Omondi ujumbe. Omondi alikuwa fundi wetu wa kuchomelea, mkono wake ulikuwa safi kuliko wa yeyote, na ndiye aliyekuwa akiniita Mama Stoo tangu nikiwa msichana mwembamba. Aliishi ng'ambo ya mji na mkewe na watoto wawili. Niliandika: "Njoo kesho asubuhi. Kazi iko."

Alikuja. Alizunguka njia ya mbali, jasho limelowesha shati, kitambulisho amekificha ndani ya soksi ili mtu asisome jina lake. Akajaribu kutabasamu.

"Haya Mama Stoo, nimefika. Nipe magurudumu."

Asubuhi hiyo kulikuwa kimya barabarani, basi tukaenda stoo pamoja. Nikafungua. Fremu ishirini na nne za mikokoteni zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na kila moja imewekewa magurudumu yake mawili miguuni, tayari kufungwa. Rafu ilikuwa tupu. Omondi aliangalia rafu, akaangalia fremu, midomo yake ikihesabu.

"Si ulisema ziko?"

"Ziko," nikasema. "Ni za kanisa."

Hakunitukana. Alisema tu angoje kidogo apumzike halafu arudi. Haikufika saa nne tukaona moshi, mweusi, mzito, upande wa kwake. Akampigia mkewe. Haikushikwa. Akapiga tena, na tena, mpaka nikamchukulia simu nikabonyeza namba mimi. Haikushikwa. Nilikuwa naogopa kumwangalia. Nilipomwangalia, nilimkuta ananiangalia mimi, kwa jicho ambalo sikulielewa siku ile. Harjit alimchukua kwa pikapu yake mwenyewe mpaka kizuizi cha polisi. Hapo wakazuia gari lisipite. Harjit aliniambia Omondi aliruka chini na kukimbia, na kwamba alimtazama mpaka akapotea.

Baada ya siku hiyo simu ya Omondi ikawa imezimwa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nikifika kazini napiga kabla ya kuvua sweta. Sikuwa nalala vizuri. Mikokoteni ya kanisa ilienda yote ishirini na minne, watu wakabebea maji, na mtu akanisifu kwa kazi nzuri. Nikamshukuru, nikapiga tena ile namba ya Omondi.

Kitu kimoja nilifanya. Nilichora safu yangu mwenyewe kwa karatasi, nikaibandika kando ya skrini: ziko ngapi, zimeahidiwa ngapi, zimebaki huru ngapi. Kila nikiahidi mkokoteni mmoja napunguza magurudumu mawili, na papo hapo napunguza wilbaro mbili. Mpaka mahali penu pa kazi patakapokuwa na programu inayofanya hivyo, fanyeni kwa mkono. Na hata ikiwa inafanya, inukeni mwende mkaone kwa macho. Msiniambie ni mbali.

Omondi alirudi mwezi wa nne, mji ulipokuwa umetulia. Alikuwa amekonda, nywele za pembeni zimeingia mvi. Niliinuka nikataka kumkumbatia, yeye akageuka akafunga mlango wa ofisi. Nilishtuka. Kwa mara ya kwanza kwa miaka hiyo yote hakuniita Mama Stoo.

"Nyambura," akasema, "ni nani alikutuma unitoe nyumbani?"

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Kwa ploti yetu wanaume tulikuwa tunalinda geti kwa zamu. Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu. Nikabadilishana na mtu kwa sababu uliniambia kazi iko. Nimefika hapa, kazi hakuna. Saa hiyo hiyo wanaingia kwangu. Binti yetu Achieng amevunjika mkono. Nyumba walibeba hata pazia. Mke wangu anasema ulijua. Anasema watu wako walikwambia siku watakayoingia, nawe ukaniita ili nisiwe getini." Akaegemea mlango. "Mimi nimemkatalia. Lakini hata mimi sijui. Niambie tu."

Vijana, nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa vile. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiomba awe hai. Kumbe alikuwa hai, huko kwao, na kila siku amekaa na mkewe wakijiuliza kama mimi niliwauza. Na ukiangalia, kila kitu kilinishtaki: jina langu, siku ile, ule ujumbe wa uongo. Nilikuwa na nini cha kujitetea? Safu ya kompyuta.

Nikafungua mashine. Nikamwekea mikokoteni na wilbaro kwa skrini moja, nikamwonyesha magurudumu ya siku hiyo, namba zikiwa zimeandikwa pande mbili. Nikamweleza ile "ama" niliyoisoma "na". Alisogea karibu. Alikuwa mtu wa kazi, alijua wilbaro inaingia nini. Akarudia hesabu kwa vidole, polepole, mara mbili, kisha akakaa kwa kiti cha wageni na kufunika uso.

"Hii nimeelewa," akasema baadaye. "Lakini hii siwezi kumpelekea mama ya watoto. Nitaanza kumwambia magurudumu, atasema umenidanganya tena. Mwambie wewe mwenyewe."

Akapiga, akanipa simu.

Nilimsalimia Mama Achieng, akaitika kwa sauti ya chini. Nikamweleza yote, rafu moja, vitu viwili, kompyuta inasema hivi, mimi nikaelewa vile. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikasikia kuku wakilia huko kwao, na mtoto akiuliza kitu.

"Kwa hivyo ni magurudumu," akasema.

"Ni magurudumu, Mama Achieng. Haki ya Mungu."

"Na hayo magurudumu yalikuwa wapi?"

"Stoo."

"Stoo ni mbali na pahali ulikuwa umekaa?"

Omondi alikuwa ananitazama. Harjit hakuwa ameniuliza hilo, wala Omondi, wala polisi wala mtu yeyote, na ningeweza kusema ilikuwa imefungwa, ama funguo alikuwa nazo Barasa.

"Si mbali," nikasema. "Ni uwanja tu. Kulikuwa na watu wakigonga mabati. Niliogopa, sikuenda."

Nikasikia akimwambia mtoto atoke nje.

"Hata mimi, walipoingia getini, niliogopa ule ukuta wa nyuma ya nyumba," akasema, "na mtoto mgongoni, na Achieng mkononi. Lakini niliruka."

Akakata simu.